Namba Kwenye Pipa la Gundi

Ndala ya kushoto ilibaki mlangoni, na mwenye mguu hakujua.

Hivyo ndivyo hofu ilivyoingia nyumbani kwa Jozi, asubuhi kweupe, bila kubisha hodi. Mdogo wake alikuwa anatoka uani na ndoo ya maji, mdomo ukienda kama kawaida yake, akisimulia jinsi jirani alivyogombana na bomba la maji mpaka akalipiga teke. Alivuka kizingiti, akapita chumba cha kwanza, akaingia cha pili, akatua ndoo. Mguu mmoja ulikuwa na ndala. Mwingine ulikuwa mtupu juu ya saruji, na saruji ile bado ilikuwa na baridi ya alfajiri.

"Chiriku," Jozi aliita. "Ndala yako iko wapi?"

"Si hii hapa?"

"Ya pili."

Chiriku akatazama chini, akaangua kicheko. "Kumbe! Imenikimbia. Imechoshwa na maneno yangu."

Jozi hakucheka. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

Majina hayo si waliyopewa na wazazi. Mdogo aliitwa Chiriku kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza, hata akilala alinong'ona. Mkubwa aliitwa Jozi kwa ajili ya kazi yake. Kwa miaka kumi na minne, katika karakana ya viatu, kazi yake ilikuwa moja tu: viatu vilivyotoka kwa washonaji vimechanganyika kwenye makapu, yeye alivitafutia wenzao. Alichukua cha kushoto, akakitafuta cha kulia chenye rangi ileile ya ngozi, urefu uleule wa kisigino, mkunjo uleule puani, akaviweka pamoja kwenye rafu. Mkono wake ulijua kabla ya jicho. Na mkono ukishazoea jambo haujui kupumzika. Nyumbani vikombe vilikaa viwiliviwili, na njiani, akiona watu wawili asiowajua, moyo wake uliwapima kimyakimya kama wanalingana.

Mama yao alipofariki, Jozi alikuwa na miaka kumi na tisa, Chiriku sita. Kila jioni Jozi alimkalisha mtoto yule kwenye kigoda, akamwosha miguu ndani ya beseni, kidole kimoja baada ya kingine, na Chiriku alipiga kelele za kutekenywa mpaka majirani wakagonga ukuta. Miguu ile Jozi aliijua kuliko yake. Sasa alikuwa ameketi kitandani akiitazama, na hakuijua.

"Hebu fumba macho," alimwambia. Akachukua msharasi wake wa kutobolea ngozi, akamgusa kidole gumba cha mguu kwa ncha. "Nimekugusa wapi?"

"Bado hujanigusa, dada."

Tone dogo la damu lilikuwa limeshatokeza.

Kilichomwuma Jozi si damu ile tu. Ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka Chiriku kwenye chumba cha gundi. Alimwomba Nyapara, msimamizi wa karakana, siku tatu mfululizo. "Mpe kazi ya kukaa, bwana. Kusimama kutamwumiza mgongo." Akapewa. Mwaka mmoja na nusu Chiriku amekaa mle na wanawake wengine wanane, akipaka gundi nyayo za viatu kwa brashi. Madirisha yalipigiliwa misumari, maana vumbi likiingia hunasa kwenye gundi mbichi. Harufu ilikuwa tamu, ya kulevya kidogo, na jioni walinawa mikono kwa maji yaleyale makali ya kuyeyushia gundi, kwa sababu sabuni haikufua dafu.

Zahanati ilitoa vidonge vya kuongeza nguvu. Vilipoisha, wakaenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, ambaye alifika hospitali kuu mara moja tu kila baada ya wiki nane. Aligonga magoti ya Chiriku kwa kinyundo, na magoti hayakujibu.

"Unafanya kazi gani?"

"Gundi, daktari."

"Gundi gani?"

"Ya viatu."

"Mdogo wangu, gundi ziko nyingi kuliko viatu vyenyewe. Nataka kujua ndani yake mna nini. Huenda ni kazi yako, huenda ni uti wa mgongo. Niletee jina nitakaporudi."

"Na tukilikosa?" Jozi aliuliza.

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. "Tutaanza na mgongo. Ikibidi, tutaufungua."

Neno lile, kufungua, Jozi alitoka nalo hospitalini kama mtu aliyebeba kaa la moto kiganjani. Njiani alimwambia Chiriku aache kazi kesho yake.

"Niache kazi kwa sababu ya ndala?" Chiriku alisema. "Kwa ushahidi gani, dada? Na kama kweli ni mgongo?"

Siku iliyofuata Jozi akapiga moyo konde, akamfuata Nyapara mbele ya watu.

"Samahani bwana, hii gundi ina nini ndani?"

"Ina gundi," Nyapara alijibu, na karakana nzima ikacheka. Kisha akamsogelea, akashusha sauti. "Jozi, umedumu hapa kwa sababu huna maswali. Usianze sasa."

Alisema kwa upole kabisa, akampigapiga begani. Ule upole ndio uliomtoa Jozi kijasho chembamba.

Wiki tano zikapita hivihivi, Jozi akiwa hana hali, akiamka kila siku na kuitazama miguu ya mwenzake kabla ya kutazama dirisha. Vikombe vilianza kumponyoka Chiriku mkononi. Zilipobaki wiki tatu kasoro siku mbili kabla daktari hajarudi, Jumamosi mchana, Jozi alijikuta amesimama mbele ya mlango wa maktaba. Alikuwa amepita hapo miaka yote bila kufikiria kwamba mlango ule unafunguka hata kwa watu kama yeye.

Ndani mlikuwa na ukimya uliomtia hofu kuliko kelele za mashine. Viatu vyake vililia kwenye sakafu, na kwa aibu ya fundi alijua hata kwa nini: kisigino cha kulia kilikuwa kimeachia. Nyuma ya meza alikaa mkutubi, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, akimtazama tangu mlangoni.

"Naomba kitabu cha gundi," Jozi alisema.

"Cha shule?"

Mbele ya macho yake ulipita ule upole wa Nyapara. Nani alijua mama huyu ana undugu na nani? "Ndiyo. Cha mtoto. Cha shule."

Hakuwa na mtoto. Alipewa vitabu viwili vya kazi za mikono, na kwa saa nzima alisoma jinsi ya kupika uji wa unga wa kubandikia karatasi. Halafu, mkutubi alipogeuka, akanyata mpaka kwenye rafu ya tiba, akavuta kitabu kinene kuliko vyote, akafungua penye picha ya miguu.

Heri asingefungua. Kila ugonjwa aliousoma ulikuwa na mguu wa Chiriku ndani yake. Huu unaanza na ganzi. Ule unaanza na ganzi. Mmoja uliishia kitandani, mwingine kwenye mapafu, wa tatu ulikuwa na neno moja tu mwishoni mwa aya, na neno hilo hakutaka kulisoma mara ya pili. Alitoka mle bila kuandika hata herufi moja, moyo ukimdunda, akiwa amebeba magonjwa saba badala ya moja. Usiku kucha aliyasikia yakipumua chumbani.

Jumamosi iliyofuata alirudi, kwa kukosa pengine pa kwenda.

"Enhe," mkutubi alisema. "Mtoto amepata alama ngapi?"

Jozi alifungua mdomo aseme uongo mwingine, yakatoka machozi. "Hakuna mtoto, mama. Ni mdogo wangu. Anapaka gundi kiwandani, na miguu yake inakufa. Daktari anataka jina la kitu kilichomo ndani, na mimi sijui hata nianzie wapi."

Mkutubi alivua miwani. Kisha akavuta kiti.

"Kaa hapa. Mbona hukusema hivyo wiki iliyopita? Ukiniomba kitabu cha gundi nakupa kitabu cha gundi. Sema unachokitafuta, usiseme unachodhani ninacho." Akafungua daftari jipya, akachora mstari katikati ya ukurasa. "Maswali yako ni mawili, na umeyafunga fundo moja. La kwanza: gundi hiyo ina nini? La pili: kitu hicho kinafanya nini miguuni mwa mtu? Wewe ulianza na la pili. Ndiyo maana umekutana na magonjwa yote ya dunia."

"Nilidhani ndiyo utafiti wenyewe."

"Huo ni utalii, dada yangu. Tena wa makaburini." Akalisukuma daftari mbele yake. "Andika hapa vitabu ulivyosoma bila kupata kitu."

"Niandike nisichokipata?"

"Ndiyo, usije ukakitafuta tena palepale. Sasa nisikilize. Jibu la swali la kwanza halimo humu. Limo kiwandani kwenu. Gundi inakuja na chombo, na chombo kina maandishi. Kaandike kila kitu, hata usichokielewa. Hasa usichokielewa."

Gundi ilikuja na mapipa, na mapipa yalikaa stoo, na ufunguo wa stoo ulikaa kiunoni mwa Nyapara. Mlango uliachwa wazi mara moja tu kwa siku, saa sita na nusu, wapakiaji walipotoa makopo. Jumatatu Jozi aliingia nyuma yao akiwa na kiatu kimoja cha kike mkononi, na kipande cha penseli ndani ya nywele.

Stoo ilikuwa na giza hata mchana, na ile harufu tamu ilimpanda mpaka kwenye meno. Maandishi ya mapipa yalikuwa yamepakwa rangi ya kijivu. Alizunguka moja, la pili, la tatu. Kwenye la nne, chini kabisa, rangi ilikuwa imebanduka, ikaonekana alama ya pembe nne, umbo la kishada kinachorushwa na watoto, mchoro wa moto ndani yake, na chini ya moto tarakimu nne. 1208. Hazikumwambia kitu. Zingeweza kuwa uzito, au mwaka wa enzi za kale. Lakini aliambiwa, hasa usichokielewa. Hakuwa na karatasi. Akaingiza mkono ndani ya kiatu, akaandika tarakimu zile juu ya soli ya ndani, akachora na kishada.

"Unatafuta nini huku?"

Nyapara alikuwa amesimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, uso hauonekani.

"Kiatu, bwana," Jozi alisema, na sauti ilitoka nyembamba kama uzi. "Cha kulia. Saizi thelathini na nane. Mwenzake huyu hapa."

"Na kimefikaje kwenye gundi?"

"Ndicho ninachojiuliza."

Akamsogelea. Akanyoosha mkono, na Jozi, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, akampa. Nyapara alikipindua kiatu kile, akasoma saizi chini ya unyayo. Kidole gumba chake kiliingia ndani, kikalala juu ya tarakimu zilezile, kikazisugua polepole kama mtu anayepima ulaini wa ngozi. Jozi aliacha kupumua.

"Miaka kumi na minne," Nyapara alisema, "na bado unahangaikia kiatu kimoja." Akamrudishia. "Toka, harufu hii si nzuri kwa kichwa."

Alijua, basi, kwamba harufu ile inadhuru. Jozi alitoka na neno lile pamoja na kiatu, na hakujua ni kipi kilichokuwa kizito zaidi. Penseli ilikuwa imefifia, lakini namba ilisomeka.

Jumamosi ya tatu mkutubi alikitazama kiatu kilichowekwa mezani kwake kama vile watu huleta viatu maktaba kila siku.

"Kishada na moto," alisema. "Hii alama nimeiona mgongoni mwa malori ya mafuta. Basi tuachane na madaktari kwanza. Twende kwa madereva." Akamwongoza mpaka kwenye rafu ya vyombo vya usafiri, akatoa kitabu chembamba chenye jalada la rangi ya machungwa: mwongozo wa madereva wanaobeba mizigo ya hatari. "Kila mzigo una namba yake, ili lori likianguka, wazimamoto wajue kinachomwagika. Fungua, tafuta yako." Kisha akaitwa na wanafunzi upande wa pili.

Jozi alifuata safu za namba kwa kidole. 1206. 1207. 1208, na mbele yake jina. Jina moja, geni, la herufi chache. Alilisoma mara nne. Lilimtazama nalo.

Kengele ya kufunga ikalia.

Hapo ndipo alipofanya makosa mawili. Hakuandika, maana alijiambia jina kama lile mtu hawezi kulisahau. Na akakirudisha kitabu rafuni mwenyewe. Juu ya meza palikuwa na tangazo kubwa: USIRUDISHE KITABU, KIACHE MEZANI. Alikuwa amelisoma tangu siku ya kwanza, akaona ni la watu wachafu. Yeye angeachaje kitu kizembezembe, mtu wa mpangilio kama yeye? Akakiweka vizuri, akakinyoosha mgongo, akatoka.

Njiani alilirudiarudia jina lile kama wimbo. Mbele ya nyumba alikuta watu wamesimama. Chiriku alikuwa ameanguka kwenye ngazi tatu za uani. Hakuvunjika, lakini alikaa chini akiwa ameshika goti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa kimya.

"Hukuiona ngazi?" Jozi alimwuliza akimwinua.

"Niliiona, dada. Sikuusikia mguu."

Jozi alipokumbuka jina, lilikuwa halipo tena. Alilitafuta kichwani usiku ule wote, na Jumapili yote. Palikuwa na shimo tu, na chini ya shimo sauti ya daktari: tutaufungua.

Jumatatu na Jumanne maktaba ilifungwa kabla yeye hajatoka kazini. Jumatano, siku moja kabla ya daktari, alimwambia Nyapara tumbo linamkata, akakimbia. Alifika saa tisa alasiri. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya usafiri, akanyoosha mkono, na mkono ukakuta pengo.

"Hakijaazimwa," mkutubi alisema akipekua kadi zake. "Vya rejea haviazimwi. Nani alikirudisha?"

"Mimi."

"Mwenyewe?"

Jozi aliinamisha kichwa. Mkutubi alifumba macho kama aliyekanyagwa kidole.

"Dada yangu. Kitabu kilichokosa mahali pake humu ndani ni sawa na kilichochomwa moto. Nina vitabu elfu kumi na tisa. Tunafunga saa kumi na moja."

Wakaanza kutafuta. Rafu ya usafiri yote, kisha ya jirani, kisha ya juu na ya chini. Jozi aliandika kwenye daftari kila rafu waliyoimaliza. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio, na kila mlio ulikuwa kama tone lile la damu kwenye kidole cha Chiriku. Saa kumi. Saa kumi na robo. Alijiona kesho asubuhi mbele ya daktari, mikono mitupu, na Chiriku akilazwa kifudifudi chini ya taa kubwa.

"Simama," mkutubi alisema ghafla. "Tunakimbia ovyo. Wewe kazi yako nini hasa?"

"Kupanga viatu, mama. Kutafutia jozi."

"Unapangaje?"

"Kwa..." Jozi akatazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Alirudi kwenye meza aliyokaa Jumamosi. Akaketi. Akafumba macho, akaikunja mikono kama imeshika kitu chembamba, cha urefu ule, cha rangi ile. Kengele inalia. Simama. Hakuiuliza akili, aliuachia mkono. Mkono haukumpeleka kwenye usafiri hata kidogo. Ulimpeleka hatua tano kushoto, rafu ya usawa wa kifua, na alipofumbua macho alikuwa ameshika migongo miwili iliyosimama bega kwa bega, yote ya rangi ya machungwa, yote ya urefu mmoja. Kitabu kimoja kilikuwa cha ufugaji wa nyuki. Kingine kilikuwa mwongozo wa madereva.

"Nilikitafutia mwenzake," alisema kwa sauti ndogo.

Mkutubi alikuwa na haki ya kukasirika. Badala yake alishika kifua, akacheka bila sauti mpaka miwani ikamdondoka. "Madereva na nyuki! Haya, andika jina. Sasa hivi, mbele yangu. Na jina la kitabu. Na ukurasa."

1208. Heksani. Jozi aliandika kwa herufi kubwa.

"Sasa una haki ya kwenda kwa madaktari," mkutubi alisema, na hakucheka tena. Alitoa kitabu cha magonjwa yatokanayo na kazi, akakifungua nyuma kabisa, kwenye faharasa, mahali ambapo Jozi hakuwahi kufikiria kuanzia. Kidole kikashuka hadi H. Heksani, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja. Mahali pamoja tu. Safari hii hakukuwa na magonjwa saba.

Walisoma pamoja, vichwa vikikaribiana. Hutumika kuyeyushia gundi. Huathiri wafanyakazi wa viatu na mifuko katika vyumba visivyopitisha hewa. Huanza na ganzi kwenye vidole vya miguu, kisha mikono. Mgonjwa hujikwaa, huangusha vitu. Jozi alihisi kama mtu aliyeandika kitabu kile alikuwa amejificha nyumbani kwao nyuma ya pazia. Kisha ikafuata sentensi aliyoisoma peke yake, kwa sababu mkutubi alikuwa amegeuza uso: hata baada ya kuondolewa kazini, hali inaweza kuendelea kuwa mbaya kwa wiki au miezi kadhaa kabla ya nafuu kuanza. Wengi hupona polepole. Baadhi hubaki na udhaifu.

"Baadhi ni wangapi?" aliuliza.

"Hakijasema," mkutubi alijibu. "Usikisemee."

Kesho yake daktari aliisoma fotokopi ya ukurasa ule akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akamwuliza Chiriku maswali kumi, yote mafupi. "Mgongo huu hatuugusi," alisema. "Na kazini asirudi. Si kesho, leo." Akaiweka karatasi ndani ya faili, akaandika barua nyingine kwa ofisi ya ukaguzi wa viwanda, na Jozi alipoona jina la karakana juu ya barua ile, tumbo lilimkata kweli.

Nakala ya pili aliipeleka mwenyewe kwenye chumba cha gundi, wakati wa mapumziko, akawasomea wanawake wanane waliobaki. Wawili walimwambia anataka kuwatoa riziki. Mmoja alivua kiatu chake taratibu, akaanza kujibonyeza vidole. Wiki ileile Nyapara alimwita. "Siku hizi umekuwa msomi," alisema, akampigapiga tena begani, akamhamishia uani, kwenye kupakia maboksi. Wakaguzi walipofika, misumari ya madirisha iling'olewa. Rangi ya kijivu kwenye mapipa ilibaki.

Na Chiriku akazidi kudhoofika. Kama kitabu kilivyosema, ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza alitembea akishika ukuta. Mwezi wa pili hakuweza kufunga vifungo vya blauzi yake. Majirani walisema heri angebaki kazini, alikuwa akitembea vizuri. Jozi alirudi kwenye sentensi ile kila siku, akaishika kama mtu anavyoshika kamba gizani bila kujua imefungwa wapi. Kila jioni alimwosha miguu ndani ya beseni, kidole kimoja baada ya kingine, na Chiriku alitazama pembeni. Hakupiga kelele. Kisha Jozi aliandika kwenye daftari alilopewa na mkutubi: kulia, hakuna. Kushoto, hakuna. Alikuwa amefundishwa kuandika na kisichopatikana.

Mwezi wa nne, asubuhi moja, Jozi alikuwa anachambua mchele chumbani. Chiriku alikuwa anatoka uani na karai la nguo alizozifua, akilikumbatia kifuani, polepole, akisimulia habari za jirani na bomba lake, maana ugomvi ule haukuwa umekwisha. Alifika kwenye kizingiti. Katikati ya sentensi, akanyamaza.

Jozi aliinua kichwa haraka, moyo ukimruka.

Chiriku alikuwa amesimama tuli. Akarudisha mguu wa kushoto nyuma hatua moja, ukapapasapapasa sakafuni, ukaikuta ndala iliyobaki mlangoni, ukaingia ndani yake. Kisha akaendelea na jirani pale alipoishia, akapita na karai lake.

Jozi hakuthubutu kumwuliza. Aliogopa jibu. Lakini alilitazama karai lile mpaka lilipotuliwa. Mashuka yalikuwa yamejaa hadi kidevuni. Nyuma ya mlima ule, hakuna mtu ambaye angeweza kuiona miguu yake mwenyewe.

Akaweka ungo chini, akachukua daftari, akaandika tarehe. Kisha mahali: mlangoni. Kisha mguu: wa kushoto.